Steringi Hafi

Katika banda la video la kijijini kwetu Issuna kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika lakini kila mtoto aliijua: steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, akaanguka kutoka ghorofa ya nne, akafungwa kamba na kutupwa mtoni, na sisi tukaendelea kutafuna karanga zetu bila wasiwasi. Mgeni akishtuka tulimcheka. "Tulia wewe. Steringi hafi."

Nazungumzia mwaka 2005, nikiwa darasa la sita. Issuna iko kando ya barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida, nchi ya majabali, alizeti na upepo usiochoka. Siku hizo Ikungi haijawa wilaya, tulikuwa Singida Vijijini. Mtaani kwetu umeme ulikuwa habari ya watu wa mjini, kwa hiyo banda liliendeshwa kwa jenereta. Lilijengwa kwa miti na mabati chakavu, matundu yakazibwa kwa mifuko ya sandarusi ili mwanga usiingie. Ndani kulikuwa na benchi za mbao, televisheni ya nchi 21 na deki iliyofunikwa kitambaa kama mtoto mchanga. Kiingilio kwa watoto kilikuwa shilingi 50. Mwenye kukosa alichungulia kwenye matundu ya misumari mpaka afukuzwe.

Tulizozipenda zaidi zilikuwa muvi zilizotafsiriwa. Wengi wa rika langu wanalikumbuka jina la Lufufu, Kapteni Derek Mukandala, aliyeingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za Kimarekani, Kihindi na Kichina. Alieleza kinachotokea, akampa kila mhusika maneno, akaongeza na ya kwake. Waliomfuata walifanya vivyo hivyo, kama DJ Afro kule Kenya. Wakalimani wa aina hii hawakungoja ugundue mwenyewe nani ni nani. Mtu alipotokea tu kwenye kioo uliambiwa: huyu ndiye steringi, huyu ni adui, huyu mwangalie vizuri, ana lake jambo.

Kwa hiyo hata kabla ya kujifunza insha shuleni tulikuwa tumeshajifunza namna hadithi inavyokwenda. Adui mkubwa hufa mwisho kabisa, na hufa mara mbili, kwa sababu ya kwanza huwa anajifanya. Polisi hufika vita imekwisha. Rafiki wa steringi akitoa picha ya mwanawe mfukoni na kuitazama, hafiki mwisho wa muvi. Halafu kuna kanuni iliyokuwa fahari yetu, kwa sababu kuijua kulikutenganisha na washamba: ukiona mtu mkimya, mpole, asiye na shughuli inayoeleweka, basi huyo ndiye. Tulikuwa tukinong'onezana dakika ya kumi, "Ni yule, mtaona," na dakika ya tisini tukapigana viganja.

Aliyewasha jenereta tulimwita Fundi. Hakuwa mtu wa Issuna. Alikuja na mwenye banda kutoka upande wa Tabora, akazungumza kidogo, hakuwa na mke wala ndugu pale, na usiku alilala humo humo bandani akilinda deki. Muvi ikianza alikaa mlangoni akitupa mgongo, jicho lake kwenye waya unaotoka nje. Petroli ikipungua alinyanyuka na kidumu chake cha njano, akaenda kuomba nyingine kwa mwenye banda. Sikumbuki kama niliwahi kuongea naye zaidi ya kumpa hamsini yangu.

*

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni Dodoma, nilisoma mazungumzo ambayo mwongozaji Alfred Hitchcock alifanya na Mfaransa François Truffaut mwaka 1962. Humo Hitchcock anaeleza tofauti kati ya mshtuko na taharuki. Watu wamekaa mezani wanaongea mambo ya kawaida, chini ya meza kuna bomu. Kama mtazamaji hajui, bomu likilipuka atashtuka kwa sekunde 15. Kama anajua, na anaiona saa ukutani, maongezi yale yale ya kawaida yatamtesa kwa dakika 15. Atatamani kuwapigia kelele walio mezani: acheni upuuzi, ondokeni!

Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwa muda. Nilikuwa nimeiona hali hiyo, na si kwenye kioo.

Katika mazungumzo hayo Hitchcock anakiri pia kosa lake moja. Mwaka 1936 alitoa filamu iitwayo Sabotage, na ndani yake mtoto wa kiume anatumwa kupeleka kifurushi katikati ya London bila kujua kuwa kina bomu. Anachelewa njiani, anashangaashangaa mambo ya mjini, anapanda basi. Mtazamaji anajua saa inakwenda. Na bomu linalipuka, mtoto anakufa. Watazamaji walikasirika. Hitchcock alisema baadaye kuwa hakupaswa kufanya vile. Ukishawatia watu wasiwasi juu ya mtu waliyempenda, una deni nao, na deni hilo hulipwa kwa kumwokoa.

Hilo ndilo jina la kitaalamu la steringi hafi: ni ahadi. Mtengenezaji anatuahidi kwamba wasiwasi wetu hautapotea bure, nasi kwa ahadi hiyo tunakubali kuteseka kidogo. Ndiyo maana ahadi ikivunjwa tunaumia kama tuliodhulumiwa. Mara ya kwanza tulipoonyeshwa Sholay, ile filamu ya Kihindi ya mwaka 1975, na Amitabh Bachchan akafa mikononi mwa mwenzake, kuna kaka alisimama kudai hela yake. Aliketi tu alipoelezwa kuwa masteringi ni wawili na mmoja amebaki.

Na ahadi hiyo haikubaki bandani. Steven Kanumba alipofariki usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, nilikuwa bwenini. Kabla ya kilio kulikuwa na kukataa. Mwenzangu mmoja alisema kwa uhakika kabisa kwamba hiyo ni filamu mpya inatangazwa. Ilipothibitika, watu waliposongamana viwanja vya Leaders na kisha makaburini Kinondoni, kukataa kulikuwa kumeshageuka kuwa jambo jingine: kila mtu, hata sisi tuliokuwa mbali na Dar es Salaam na hatujui lolote, alikuwa na maelezo yake ya nani yuko nyuma ya jambo hili. Steringi akifa, lazima awepo adui. Hatukuwa na kisa kingine cha kuwekea kifo cha kijana tuliyempenda.

*

Sasa nirudi Issuna, mwezi wa Juni, baada ya mavuno ya alizeti.

Duka moja la kijijini lilikuwa linanunua alizeti za watu na kulipa baadaye. Usiku mmoja hela ikaibwa. Hakuna dirisha lililovunjwa, hakuna kufuli lililokatwa. Zilikuwa hela za nyumba nyingi, ya kwetu ikiwemo: mama alikuwa anadai magunia manne, ada ya dada na madaftari yangu yalikuwa humo. Wanaume walikusanyika chini ya mti karibu na duka. Sisi watoto tukazunguka pembeni, kama kawaida yetu. Mzee mmoja akauliza kama kuna yeyote aliyeona chochote usiku ule.

Nikasema, "Mimi nilimwona Fundi."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimetumwa kumpelekea bibi dawa, na nikirudi nilimwona Fundi akipita mbele ya duka kwenye mbalamwezi. Alikuwa amebeba kidumu.

Lakini baada ya kusema vile kulitokea kitu ambacho sikuwahi kukipata. Wazee wote waligeuka kunitazama na wakanyamaza ili wanisikie. Nilijua ukimya ule. Ni ule wa bandani, dakika ya tisini, siri inapokaribia kufichuka.

"Alikuwa amebeba nini?"

Nilijua ni kidumu. Ila kidumu hakikutosha. Katika muvi hakuna anayebeba kidumu bure. Nikasema, "Kitu. Kama mfuko." Kisha nikaongeza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza: "Akageuka nyuma mara mbili."

Hakugeuka. Alipita kama anavyopita mtu aliyechoka anayekwenda kulala. Ule mgeuko niliutoa kwenye muvi. Nilikuwa nimemwona jambazi akigeuka hivyo mara nyingi, na nilijua unamaanisha nini, na nilijua wao pia wanajua. Sikujiona nasema uongo. Nilijiona nasimulia vizuri.

Mtu mmoja akatoa methali, "Simba mwenda pole ndiye mla nyama." Mwingine akasema kuwa yeye tangu siku ya kwanza hakumpenda yule bwana, haongei. Mambo yakawa yamepata mpangilio. Ukimya wake, ugeni wake, kulala kwake bandani peke yake, kila kitu ambacho jana kilikuwa hali yake tu ya maisha leo kilikuwa dalili.

Usiku huo nyumbani mjomba alinawa mikono kwa ajili ya ugali na kumwambia mama kwa sauti ya chini, "Kesho alfajiri tunamwamsha."

Mama akasema, "Hakikisheni kwanza."

"Mtoto amemwona," akasema mjomba.

Nilikuwa nimeshika bakuli la mlenda. Mama alinitazama, nami nikalitazama bakuli.

Baada ya kula nilikwenda bandani. Naliandika hili kwa sababu ndilo gumu kuliko yote: nilikwenda, nikampa Fundi shilingi 50, akanipisha. Muvi sikumbuki jina lake. Nakumbuka kwamba steringi alikuwa kwenye ghala, anapekua makaratasi kwa kurunzi, na nyuma yake adui akawa anatoka taratibu katikati ya maboksi ameshika bomba la chuma. Banda zima tukapiga kelele. "Geuka! Geuka wewe! Nyuma yako!" Wengine walisimama juu ya benchi.

Na Fundi, aliyekuwa ameketi mlangoni ametupa mgongo, akageuka. Alidhani anaitwa, labda jenereta ina shida. Akaona ni muvi, akatabasamu kidogo, akarudisha macho yake kwenye waya.

Humo ndani nadhani tulikuwa watano au sita tuliojua kuhusu alfajiri. Bomu lilikuwa chini ya benchi lake na sisi tuliiona saa. Tulikuwa tumetoka kupiga kelele mpaka sauti zikakauka ili kumwokoa Mzungu ambaye hatusikii, ambaye hatujui, na ambaye kwa sheria yetu wenyewe hawezi kufa. Hakuna aliyesogea hatua nne kumwambia Fundi.

Alfajiri walimwamsha. Mwenyekiti wa kitongoji alifika kama polisi wa muvi, mambo yakiwa yamekwisha, ila alifika kabla hajafa, na hilo lazima nimshukuru nalo. Walipekua vitu vyake: shati, blanketi, noti chache zisizofika hata bei ya gunia moja, na kidumu. Hela ya alizeti haikuwepo. Saa tatu asubuhi nilimwona kwa mbali akipandishwa kwenye lori la mizigo linalokwenda Manyoni, mkono mmoja ameuning'iniza, jicho limefumba kwa uvimbe. Lori liliondoka. Banda lilifungwa wiki mbili, kisha likafunguliwa na mtu mwingine akawa anawasha jenereta.

*

Najua unachosubiri, msomaji. Unasubiri nikwambie nani aliiba. Pengine umeshamshuku mwenye duka mwenyewe, maana kufuli halikukatwa na kikulacho ki nguoni mwako. Pengine unamshuku mjomba.

Sijui nani aliiba. Hakuna aliyewahi kujulikana. Mwenye duka alilipa nusu ya madeni mwaka uliofuata, dada alichelewa shule muhula mmoja, kisha kijiji kikaacha kulizungumzia. Na nikijichunguza naona kwamba hata mimi, pamoja na aibu yangu, kwa miaka mingi nilikuwa natamani mwizi apatikane ili niwe na hakika kwamba Fundi hakuwa yeye. Maana yake bado nilikuwa nasubiri dakika ya tisini. Kana kwamba kosa langu lingekuwa dogo kama Fundi angekuwa mwizi kweli. Lisingekuwa. Uongo wa kugeuka mara mbili ni ule ule, na hatua nne ni zile zile.

Je, niilaumu sinema? Kuna siku nilitaka sana kuilaumu, ingenipunguzia mzigo. Lakini bibi yangu, ambaye hakuwahi kukanyaga bandani, alikuwa akitusimulia habari za watu-simba. Katika miaka ya 1940 watu waliuawa katika wilaya ya Singida, na miili ilikutwa na majeraha kama ya makucha. Serikali ya kikoloni ilidhani kwanza ni simba, baadaye ikasema ni watu waliovaa ngozi za simba. Wakakamatwa watu, wakashtakiwa, wengine wakanyongwa. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyekuwa amefanya utafiti miongoni mwa Wanyaturu, aliona haja ya kuandika makala ya kuitazama kesi hiyo upya. Bibi hakuwa na habari na makala. Alichokumbuka ni kwamba wakati ule kila mtu aliyetembea usiku alikuwa na maswali ya kujibu. Kwa hiyo kumshuku mwenda usiku hakukuletwa na deki. Hata methali tulikuwa nayo tayari, na tuliitumia vibaya: methali ile inasifu subira ya simba, haitoi ushahidi dhidi ya mtu mpole.

Ninachoweza kusema kwa haki ni kwamba muvi zilitupa mambo mawili ambayo bibi hakuwa nayo. La kwanza ni uhakika kwamba shaka hulipwa. Kwenye filamu ya kusisimua hakuna mtazamo unaopotea bure. Kamera ikikaa sekunde tatu juu ya mkono wa mtu, mkono huo una kazi mbele. Ukiishi humo saa mbili kila jioni unaanza kuamini kuwa kilichovuta jicho lako kimevuta jicho kwa sababu. Duniani vidumu vingi vina petroli tu.

La pili ni zito zaidi, nalo linahusu nani anastahili kuaminiwa. Bandani tuliwahi kuonyeshwa The Fugitive, ile ya mwaka 1993, ambapo Harrison Ford ni daktari anayesingiziwa kumuua mkewe. Mahakama imemtia hatiani, polisi wanamwinda, ushahidi wote unamwelekea. Hakuna mtoto hata mmoja bandani aliyemshuku. Ningekuuliza kwa nini, ungesema kwa sababu tulijua hana hatia. Na tulijuaje? Kwa sababu yeye ndiye steringi. Tulimwamini kwa sababu kamera ilikuwa upande wake tangu mwanzo. Tulimwona akilia, tulimwona akipata njaa, tulikuwa naye majini na gizani.

Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia mpaka ithibitike hivyo. Ibara hiyo haiulizi kama mtu ni mwenyeji, kama ana ndugu, kama anaongea vizuri. Sisi tulikuwa na katiba yetu ya bandani iliyompa haki hiyo mtu mmoja tu katika kila muvi. Waliobaki walikuwa adui au watu wa kupita, wale wanaokufa mwanzoni na hakuna anayeuliza majina yao. Na katika kijiji, kila mmoja anatazama kwa macho yake mwenyewe, kwa hiyo kila mmoja ni steringi wa muvi yake. Fundi alikuwa mtu wa kupita katika muvi zetu zote kwa pamoja. Hakuna jicho hata moja Issuna lililowahi kumfuata mpaka anapolala.

Hitchcock mwenyewe alilijua hili. Mwaka 1956 alitoa The Wrong Man, kisa cha kweli cha mwanamuziki wa New York, Manny Balestrero, aliyekamatwa mwaka 1953 kwa sababu wafanyakazi wa ofisi ya bima walisema ndiye aliyewaibia. Hawakuwa waongo. Waliogopa, na wakaona sura inayofanana na hofu yao. Mwizi halisi alipatikana baadaye, lakini mke wa Balestrero alikuwa ameshaugua akili kwa mateso ya jambo lile. Nilipoitazama nilikuwa mtu mzima. Niliwatazama zaidi wale wanawake wa ofisini kuliko yule mwanamuziki, jinsi kila mmoja alivyopata uhakika kwa kumwona mwenzake ana uhakika.

Bado linabaki swali la zile kelele. Kwa nini "Geuka!" ilitutoka kirahisi kwa mtu wa kwenye kioo? Rousseau aliandika mwaka 1758, akibishana na d'Alembert kuhusu maonyesho ya jukwaani, kwamba tunapolilia mateso ya kubuni tunahisi tumeshatimiza wajibu wetu wa utu, na haitugharimu kitu. Mtu mwenye mateso ya kweli angetudai tumsaidie, tumfariji, tugawane naye shida. Nilipoisoma hoja hii niliona ni kali mno. Sisi hatukuwa watoto wenye mioyo ya bandia. Huruma yetu kwa yule mtu wa ghalani ilikuwa ya kweli, mioyo ilikwenda mbio kweli. Ila ilikuwa huruma isiyosikika na upande wa pili. Ningemwambia Fundi, mjomba angejua nani kasema. Ningelazimika kusema pia kwamba hakugeuka mara mbili. Kelele ya bandani haina kesho yake, na neno la mlangoni lingekuwa nayo.

Sitaki kuidharau kelele ile, hata hivyo. Mtoto anayesimama juu ya benchi kumwonya mtu asiyemjua ana kitu kizuri ndani yake, na mkalimani na mwongozaji ndio waliokiamsha. Walichoshindwa kufanya, na labda haikuwa kazi yao, ni kukitoa nje ya mlango.

*

Magazeti yetu yana msemo, "wananchi wenye hasira kali." Umeusoma mara nyingi: mtu ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiandika juu ya vifo hivi katika ripoti zake mwaka hadi mwaka. Msemo huo nao ni kanuni ya muvi. Hauna jina la mtu, hauna mjomba anayenawa mikono, hauna mtoto aliyependa kusikilizwa. Mimi ni mwananchi mwenye hasira kali, na siku ile sikuwa hata na hasira.

Miezi michache iliyopita, kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa nyumbani, iliwekwa picha ya kijana ameketi chini, mikono imefungwa kwa kamba ya katani, miguu ya watu imemzunguka. Maelezo yalisema ni mwizi wa pikipiki, amepatikana. Watu wakaanza kuweka vikaragosi vya kucheka na mtu akaandika mwisho wa ubaya aibu. Wengi humo ni watu wema. Mmoja wao alikaa na mama yangu hospitali wiki nzima.

Niliandika, "Kuna aliyempigia polisi?" Kimya. Kisha mmoja akajibu, "Haya, wakili wa wezi kaamka." Vikaragosi vikaendelea.

Nikatafuta namba ya mtendaji wa kata, nikampigia. Hakupokea. Nikapiga tena, akapokea, nikamweleza mahali palipoonekana kwenye picha. Akasema yuko njiani, ameshaambiwa na mtu mwingine. Kumbe kulikuwa na mtu mwingine. Sikuuliza ni nani, ila nilifarijika kuliko ninavyoweza kueleza.

Sijui kama kijana yule aliiba pikipiki. Inawezekana kabisa aliiba. Jioni mtendaji alinitumia ujumbe mfupi kwamba amefikishwa kituoni, na kwamba aliingia mle akitembea kwa miguu yake.